Raba Zilizolala Chini ya Kitanda

Mama alianza kwa kuuliza swali lilelile mara nne ndani ya saa moja. Baadaye akawa ananiita kwa jina la dada yake. Nilikuwa na miaka 46, nikashikwa na hofu kwamba dimensia, maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu, yangenipata na mimi. Kesho yake nikanunua raba, nikakimbia mpaka kifua kikawaka. Mbio za sakafuni, kama wasemavyo: wiki ya tatu raba zilikuwa chini ya kitanda. Mara ya pili nayo iliishia hapohapo.

Mara ya tatu nilijiuliza ni kitu gani naweza kukifanya hata siku niliyochoka kabisa. Nikapata jibu: kutembea dakika kumi, kabla sijavua nguo za kazini, maana nikishakaa tu basi. Leo zimefika 30, siku tano kwa wiki. Hizo ndizo dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja.

Watafiti wa University College London walikadiria kwamba tabia mpya huchukua siku 66 hivi kuzoeleka, na kwa wengine hata 254. Kilichonifariji zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuwarudisha watu nyuma. Mimi nilikuwa nikikosa moja, naacha zote!

Mengine hayakuhitaji jasho. Presha yangu ilikuwa 150 kwa 95 na sikuhisi chochote. Presha ya umri huu huharibu mishipa midogo ya ubongo kimyakimya, na jopo la wataalamu wa dimensia la jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti yake ya 2024, linashauri namba ya juu isizidi 130 kuanzia miaka 40. Vidonge nimeviweka kando ya mswaki.

Masikio ndiyo niliyoyakatalia. Watoto walilalamikia sauti ya televisheni, nami nikasema wao ndio wanaonong'ona. Kumbe kupungua kwa usikivu ni kati ya mambo 14 ambayo jopo hilo linasema yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa vya dimensia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Si kinga kamili, lakini nilienda kupimwa. Sasa navaa kifaa, na nimerudi kwenye mazungumzo ya watu.

Mwezi uliopita mafua yalinilaza siku tisa. Ya kumi nikavaa raba, nikatembea dakika kumi tu, nikarudi kulala.