Nyanya za kwenye gunia kuoza kitako
Dada wa Mukono, Uganda, umeuliza kwa nini nyanya zako za kwenye gunia zinakuwa nyeusi kitakoni. Huo si ukungu, weka chini pampu ya dawa. Tunda linakosa kalsiamu kwa sababu maji hayaji sawasawa: gunia linakauka kabisa, kisha mvua ya jioni inalijaza. Mwagilia kila asubuhi, lita 1 hadi 2 kwa mche mkubwa, na funika udongo kwa nyasi kavu, unene wa sentimita 5. Punguza mbolea ya yuria, maana majani yakikua kwa pupa hulinyang'anya tunda kalsiamu. Maganda ya mayai ili kuongeza kalsiamu? Yanaoza polepole mno kukusaidia msimu huu. Matunda yaliyoharibika yachume tu, hayaponi. Na toboa gunia chini, maji ya ziada yatoke. Mizizi iliyozama haivuti kitu.