Hajanitamkia "nakupenda"

Mdogo wangu, unauliza kama mchumba wako anakupenda kweli, maana miaka miwili hajakutamkia neno "nakupenda". Nikuambie yangu. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na tukaamriwa kuhama mji wetu wa Goma, huku Kongo, tulienda Sake kwa miguu, kilomita kama 25. Mume wangu, mtu wa maneno machache kabisa, alimpandisha mama yangu kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaisukuma mpaka viganja vikachubuka. Usiku akanipa shuka lake, yeye akalala juu ya gunia. Hapo ndipo nilipomjua.

Wako anafanya nini ukiugua? Anakusikiliza ukikasirika? Hayo yatazame kwanza. Lakini neno nalo lina utamu wake, sikukatazi kulitaka. Mwambie unalitamani, usimtegee.