Cheti cha nyota ni kupigwa, ila Pemba kweli iko angani

Mleta uzi, umeuliza mambo mawili: kama yale matangazo ya "mpe mama yako jina la nyota" ni ya kweli, na kama huko juu kuna chochote chenye jina la kwetu. Swali la kwanza nina ushahidi nalo, maana nilipigwa. La pili nalijibu kwa raha zote, mimi ni mtu wa Wete.

Binti yangu alipotimiza miaka saba nilimnunulia mtandaoni nyota yenye jina lake. Dola 35. Cheti kikaja kwa barua pepe, nikakichapisha kwenye karatasi ngumu na kukitia fremu: muhuri wa rangi ya dhahabu, ramani ya anga, na kiduara chekundu kuzunguka nukta moja. Rafiki yangu mwalimu wa fizikia alipokiona alicheka mpaka akatafuta kiti. Jina lile limo kwenye daftari la muuzaji tu. Wanaastronomia hawalitambui, na hakuna kinachomzuia muuzaji huyo kuiuza nyota ileile kesho kwa mtu mwingine. Binti sikumwambia.

Basi nikaanza kufuatilia majina ya kweli hupatikanaje, na ndipo nilipokutana na Pemba.

Asteroidi namba 1429 inaitwa Pemba. Ni jiwe la upana wa kilomita kama 10, linalizunguka jua kwa miaka kama minne, kwenye mkanda mkuu, kule kati ya Mirihi na Mshtarii. (Msiite kimondo, wadau. Kimondo ni kile kinachowaka kikiingia kwenye hewa yetu.) Aliyeligundua ni Cyril Jackson, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Afrika Kusini, tarehe 2 Julai 1937, akiwa kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Union Observatory mjini Johannesburg. Siku tatu baadaye akapata jingine, ambalo leo ni 1428 Mombasa. Kabla yake kuna 1427 Ruvuma, na baada ya Pemba inafuata 1430 Somalia. Zote nne ni za Jackson, zote za mwaka huohuo. Miaka minne nyuma, usiku wa 15 Juni 1933, alipata mbili kwa mpigo, nazo zikawa Kenya na Uganda.

Kisiwa cha Mombasa kinaingia ndani ya Pemba mara nyingi tu, lakini huko juu mambo yamegeuka: Mombasa ina zaidi ya kilomita 50. Wapemba tusinune.

Majina hayo hayakutolewa usiku uleule. Pemba ilianza kama 1937 NH, mfano wa namba ya muda ya gari. N ni nusu ya kwanza ya Julai, na H ni ya nane kuandikishwa katika nusu hiyo. Mombasa ilikuwa 1937 NO, ya kumi na nne, kwa sababu herufi I hurukwa. Namba ya kudumu hutolewa njia ya jiwe ikishajulikana vizuri, ndiyo maana Mombasa imetangulia kwa namba ingawa Pemba ilionekana kwanza. Namba ikishatoka, mgunduzi ndiye mwenye haki ya kupendekeza jina.

Siku hizi haki hiyo inadumu miaka 10, na pendekezo hupitia kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia. Jina lisizidi herufi 16, litamkike, lisiwe tusi wala tangazo la biashara. Mwanasiasa au mwanajeshi lazima awe amekufa miaka 100 iliyopita. Wanyama wa nyumbani nao hawapendekezwi tena, tangu mgunduzi mmoja aliipa asteroidi 2309 jina la paka wake, Mr. Spock. Malipo hayamo popote katika mlolongo huu. Kwa hiyo jina la mama yako linaweza kupita, sharti umpate mgunduzi aliye tayari kulipendekeza, au ugundue mwenyewe.

Kugundua mwenyewe nimejaribu. Mwaka jana yule mwalimu alituingiza kwenye zoezi la kimataifa ambalo vikundi vya watu wa kawaida hupewa picha za darubini ya Pan-STARRS ya Hawaii. Unapata picha nne za kipande kimoja cha anga, zimepishana kwa dakika kadhaa, na programu inazigeuzageuza mbele yako. Nyota zimetulia tuli. Unakodoa macho mpaka yanatoka machozi, halafu kwenye kona kitone kimoja cha kijivu kinaruka hatua, kinaruka tena, kwa mstari ulionyooka. Moyo ulinipasuka! Tulipoangalia orodha, kilikuwa kinajulikana siku nyingi. Vingine viwili vilikuwa kasoro za kamera.

Jackson alifanya vilevile kwa vioo vya picha na mashine inayoonesha vioo viwili kwa zamu kwenye tundu moja la kuchungulia. Kwa mashine ya namna hiyo, kituoni hapohapo, mwanaastronomia Robert Innes aliipata Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na jua letu, mwaka 1915. Jackson alipata asteroidi 72, na mimi nikipata hata moja nitachinja.

Pemba yenyewe ni hafifu mno, darubini yangu ndogo haiifikii. Lakini ingia kwenye hifadhidata ya JPL, maabara ya shirika la anga la Marekani, NASA, andika Pemba, itakuchorea njia yake yote na mahali ilipo leo. Nilimwonesha binti, akauliza kama huko nako kuna karafuu. Cheti bado kiko ukutani kwake.