Sukuma ya njano Kisauni

Dada, umeeleza kwamba majani ya sukuma wiki yako hapo Kisauni, Mombasa, yanaanza kuwa njano kutoka chini. Yakiwa hivyo, huenda mchanga wako umekosa naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani. Kwenye mchanga maji yanapita tu na kuondoka na rutuba. Changanya samadi ya mbuzi iliyooza, ile nyeusi isiyonuka tena, kwa wingi, kisha funika kwa majani makavu au makumbi ya nazi. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Jivu usitie, hata wakikusifia vipi: ukichimba ukaona vipande vya matumbawe, chokaa ipo tele tayari, na jivu litaiongeza. Na tafadhali onja maji ya kisima kwanza. Yakiwa na chumvi, kinga maji ya mvua. Mimi ningeanza na mchicha, unavumilia joto letu kuliko sukuma.