Re: Baiskeli moja, lami ya mjini na mlima wa Amani

Ndugu yangu, nimekuelewa: siku za kazi Raskazone hadi mjini, Jumamosi unataka kupanda Amani kwa baiskeli hiyo hiyo, na pesa ni ya kuanzia kitu kimoja. Anza na friwili, yaani ile seti ya gia za gurudumu la nyuma. Tanga mjini ni tambarare, gia yoyote inatosha, lakini kile kilima cha Amani, ukiwa na friwili ambayo gia yake kubwa ina meno 28, kitakutoa roho. Tafuta yenye meno 34. Ila muulize fundi kwanza kama kihamisha cheni cha nyuma kinayafikia. Kikilazimishwa kinaweza kunasa kwenye spoku, uanguke. Cheni iliyochakaa na kurefuka inaweza kuruka kwenye friwili mpya, basi ipimwe pia.

Tairi za upana wa inchi 1.95 zinafaa kote. Ukiacha lami punguza upepo kidogo. Raba za breki zikiisha, usipande kabisa, maana utashuka.