Udongo wa mtaro usirudishwe chini ya msingi

Umeuliza kama udongo uliochimbwa mtaroni waweza kurudishwa chini ya msingi wa chumba kinachoongezwa kwenye nyumba ya zamani. Hapana, udongo uliochimbwa ukarudishwa huwa umeshalegea, na hata ukishindiliwa kwa mkono utashuka kwa uzito wa chumba kipya hali ya kuwa nyumba ya zamani ilikwishatulia, ndipo ufa hutokea pale kuta mbili zinapokutana. Msingi ukae juu ya ardhi isiyotibuliwa.

Ule udongo wa kijivu unaonata ulioueleza katika swali lako unaelekea kuwa kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi. Sisi mafundi huupima hivi: litie donge maji kidogo, ulivingirishe viganjani, na likitoa uzi wa unene wa milimita 3 usiokatika, basi ni udongo wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi, hivyo chimba zaidi mpaka uupite. Udongo wenye mchanga mwingi hukatika mapema.

Kwa walio upande wa maweni, yaani kwenye ardhi ya mawe, jiwe la matumbawe lisiwahadae, kwani huwa na mapango ndani; ligongeni kwa mtaimbo msikie kama lina uvungu. Ikiwa mnakusudia ghorofa, vipimo hivi vya mkono havitoshi, aitwe mhandisi.