Jibu: Mbwa anakimbia brashi, anatoa meno akishikwa kucha
Habari ndugu wa Moshi. Umesema jike lako hujificha akiona brashi tu, na ukimshika mguu umkate kucha anatoa meno.

Kabla ya yote papasa masikio, kwapa na katikati ya vidole. Kupe, kidonda au manyoya yaliyosokotana huuma, na hapo tatizo si woga. Masikio yakinuka, daktari wa mifugo kwanza.

Akiwa mzima, weka brashi sakafuni, halafu mpe kipande cha ini la kuchemsha, ukubwa wa punje ya mahindi. Brashi itangulie, ini lifuate. Ukigeuza, atajifunza kwamba ini ni mtego. Dakika 2 au 3, mara mbili kwa siku. Akizoea, mguse nayo begani mara moja tu, kisha mpe ini. Miguu iwe ya mwisho. Akilamba midomo, akipiga miayo au akigeuza uso, umekwenda mbio. Rudi hatua moja. Akinguruma usimchape, maana siku nyingine atang'ata bila kuonya.

Kucha moja kwa siku inatosha kabisa. Kata milimita 1 au 2. Kama ni nyeusi, simama ukiona kitone cheusi katikati ya mkato, mshipa uko karibu. Ikitoka damu, gandamizia unga wa ngano dakika chache.

Umetaja pia kumwogesha Julai, wakati wa baridi, kwa maji ya bomba. Hata mimi ningejificha. Yapashe yawe vuguvugu, utandike gunia ndani ya beseni asiteleze.